Damu Safi, Moyo Wenye Tundu

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mnyama ninayetaka kumzungumzia huitwa panther na watu wa Florida, na sisi tukisikia panther akili inakimbilia Wakanda: chui mweusi, ngozi inang'aa, muziki wa Kendrick nyuma. Siye. Huyu ni puma, paka mkubwa wa rangi ya nyasi za Athi River wakati wa kiangazi, yule aliyechorwa akiruka kwenye viatu. Hangurumi kama simba, hana madoa kama chui (akiwa mkubwa, nitarudi kwa madoa). Puma wametapakaa kutoka Kanada hadi ncha ya kusini ya Chile, ila upande wa mashariki wa Marekani walimalizwa kwa bunduki na mitego, likabaki kundi moja tu kusini mwa Florida, kwenye vinamasi vya Big Cypress na Everglades. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa 20, labda 30. Hawajai hata basi la shule.

Na bado walikuwa maarufu ajabu. Mwaka wa 1982 wanafunzi wa Florida walipiga kura wakamchagua puma awe mnyama rasmi wa jimbo. Mwaka wa 1993, wakati wanyama wenyewe wanahesabika kwa vidole vya familia moja, timu ya hoki ya barafu ilianzishwa ikapewa jina lao. Timu hiyo imebeba kombe la Stanley 2024 na 2025. Yaani nembo ilinenepa huku mwenye nembo akikonda.

Nimekuwa nikisoma na kutazama kila nilichopata kuhusu hawa paka, na kazi tatu ndizo zimenikalia kichwani. Kuna kitabu cha Craig Pittman, Cat Tale, kilichotoka 2020. Kuna filamu ya Eric Bendick, Path of the Panther, iliyofika Disney+ mwaka wa 2023. Na kuna Tears of the Cheetah cha Stephen O'Brien, mwanasayansi wa jeni, cha 2003, ambamo puma wa Florida amepewa sura yake. Zote tatu ni kazi nzuri, na sijuti saa nilizozitumia. Lakini zote tatu zinazunguka kitu kimoja bila kukikalia, na kitu chenyewe kiko ndani ya kifua.

Puma wa Florida walikuwa wakizaliwa na tundu kwenye moyo. Si wote, lakini wengi kuliko kawaida, na kwa sababu inayojulikana. Kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja, miaka nenda miaka rudi, hufika hatua baba anazaa na binti yake na kaka na dada yake, si kwa upotovu bali kwa sababu hakuna mwingine. Kila mmoja wetu hubeba kasoro fulani katika jeni zake, kimya kimya, kwa kuwa nakala nzima kutoka kwa mzazi mwingine huifunika. Wazazi wakiwa ndugu, nakala mbili mbovu zinakutana. (Niliacha chuo karo ilipokata, na jenetiki tulikuwa tumefika kwenye njegere za Mendel. Nashukuru njegere, zinatosha kwa kazi hii.)

Dalili zilijionyesha kwa mpangilio wa ajabu. Ncha ya mkia ilikuwa na kona, kama waya uliokunjwa. Katikati ya mgongo kulikuwa na kishungi cha manyoya yanayozunguka kinyume. Wengi wa madume walikuwa na korodani moja isiyoshuka, wengine zote mbili. Mbegu zao zilipowekwa chini ya hadubini, zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na kasoro. Halafu moyo.

Hebu tuelewane jinsi tundu hili linavyofanya kazi, maana bila hapo utadhani ni maneno ya mashairi. Moyo una vyumba viwili vya juu na viwili vya chini. Kabla ya kuzaliwa, mapafu hayajaanza kazi, kwa hiyo kuna mlango mdogo kwenye ukuta wa vyumba vya juu, damu inapita moja kwa moja upande wa pili. Mtoto akishazaliwa akavuta pumzi, mlango hujifunga na ukuta hukamilika. Kwa puma hawa, kwa baadhi yao, ukuta haukukamilika. Damu iliyokwisha kwenda mapafuni ikachukua hewa, badala ya kusambazwa mwilini, sehemu yake inapenya tundu na kurudishwa mapafuni tena. Ni kama matatu inayotoka stejini imejaa, ikifika raundabauti inageuza na abiria walewale waliokwisha kulipa. Injini inafanya kazi maradufu, safari ni ileile. Tundu likiwa dogo mnyama anaweza kuishi nalo miaka. Likiwa kubwa moyo unapanuka, unachoka, na puma ni mnyama anayekula kwa kurukia swala na nguruwe mwitu. Baadhi walikufa kwa ajili ya tundu hilo.

Sasa, shida ya mwandishi na ya mwenye kamera ni hii: mkia uliopinda unapigika picha, tundu halipigiki. Kulipata unahitaji sikio. Unahitaji mtu aliyepiga magoti matopeni kando ya paka aliyelala kwa sindano, stetoskopu kifuani, akisikiliza kama kati ya dup na dup kuna mvumo usiostahili kuwepo. Au unahitaji kisu, mnyama akishakufa.

Mtu huyo alikuwa Melody Roelke, daktari wa wanyama, na kama Cat Tale ina shujaa ni yeye. Aliingia kazini kwa mlango wa huzuni. Mwaka wa 1983 jike mmoja wa puma alikufa mikononi mwa watafiti waliokuwa wakimlaza kwa dawa ili wamvishe kola yenye redio. Umma ukawaka, mradi ukaambiwa kuanzia sasa lazima kuwe na daktari. Roelke ndiye aliyeanza kuwapima hawa wanyama kama wagonjwa, akihifadhi damu, mbegu, vipande vya ngozi, na ndiye aliyesema kwa sauti kwamba hapa kuna jambo.

Pittman alikuwa mwanahabari wa gazeti la Tampa Bay kwa miaka mingi na anaandika kama mzee wa baraza mwenye vituko. Kitabu kinateleza. Kuna mwindaji wa Texas, Roy McBride, aliyezoea kuwinda puma kwa niaba ya wafugaji, kisha akaajiriwa kwenda Florida na mbwa wake kuthibitisha kama puma bado wapo. Mwaka wa 1973 mbwa wakamkweza mtini jike mmoja mzee karibu na Fisheating Creek, basi ikajulikana kwamba hawajaisha. Kuna vikao vya maofisa, barua za ukali, watu wanaochukiana wakiwa kwenye gari moja. Pale Pittman anapong'ara ni kwenye karatasi za serikali. Anajua kumfanya msomaji akasirikie ripoti.

Mfano ni kisa cha Andrew Eller, mtaalamu wa idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani. Alilalamika kwamba idara yake inatumia sayansi mbovu kuwapa wajenzi vibali. Ramani za makazi ya puma zilichorwa kwa kola zilizosomwa mchana, wakati puma wamelala msituni. Usiku, wakati wanatembea, hakuna aliyekuwa akiwafuata. Ukichora ramani ya Nairobi kwa kuangalia mahali watu wamelala saa tisa usiku utasema hakuna anayeihitaji Tom Mboya Street. Eller alifutwa kazi Novemba 2004. Mwaka uliofuata idara ikakiri makosa ya kisayansi, naye akarudishwa. Hizo kurasa nimezipenda kuliko zote.

Ila hapo hapo ndipo ninapotofautiana na Pittman. Kitabu kinampenda sana mtu anayegombana. Ugomvi wa Roelke na David Maehr, mtafiti aliyeamini kwamba idadi ya puma ilikuwa imara na kwamba hofu ya jeni imetiwa chumvi, unachukua hewa yote chumbani. Ni ugomvi wa kweli na ulikuwa na gharama. Lakini kwa namna ulivyosimuliwa, tundu la moyo linageuka kuwa karata ya kumshindia mtu. Nani alikuwa sahihi? Roelke. Haya, ukurasa unaofuata. Na kila hali inapokuwa nzito, Pittman anatupa mzaha. Mzaha wa kwanza nilicheka. Kufikia katikati ya kitabu nilikuwa nimeanza kuuona unakuja, kama dereva anayejua matuta ya barabara yake.

O'Brien ni kinyume chake kabisa. Yeye hana haja na kelele za watu, anataka kujua kilichotokea ndani ya seli, na anasimulia kama mpelelezi. Wengi watamjua kwa duma: ni yeye na wenzake walioonyesha kwamba duma wasiohusiana walipokea vipande vya ngozi vya duma wengine bila miili yao kuvikataa, ishara kwamba wote wanafanana kama mapacha. Kwa puma wa Florida alikuta kitu cha kushangaza zaidi. Katika hifadhi ya Everglades baadhi ya puma hawakuwa na mkia wa kona wala kishungi. Walikuwa na afya kuliko jamaa zao wa Big Cypress. Kwa nini? DNA yao ilikuwa na asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Ikabainika kwamba kati ya 1957 na 1967 hifadhi ilikuwa imeachilia huko puma waliofugwa kwenye bustani ya wanyama ya kando ya barabara, mali ya familia ya Piper, ambao damu yao ilichanganywa na ya wageni bila mtu kutangaza.

Sasa simama hapo. Ungedhani watu wangeshangilia. Wapi! Wanasheria wa serikali walikuwa na msimamo kwamba sheria ya kulinda viumbe walio hatarini haiwalindi machotara. Kwa hiyo ugunduzi ule ulikuwa sumu: ukithibitisha kwamba puma wa Florida amechanganyika, mwenye shamba au kampuni ya ujenzi anaweza kwenda kortini aseme huyu si yule mnyama mnayemlinda. Puma mwenye moyo mbovu na karatasi safi alikuwa na haki. Puma mwenye moyo mzima na bibi wa kutoka mbali alikuwa na kesi. Msimamo huo uliondolewa Desemba 1990, na mwaka uliofuata O'Brien na Ernst Mayr, mmoja wa wakubwa wa bayolojia ya karne ile, waliuandikia makala ya kuukosoa katika jarida la Science.

O'Brien anaeleza haya kwa utulivu wa mtu aliyeshinda hoja, na ninadhani alitulia mapema mno. Kwa sababu hapa ndipo stori nzima ilipo. Si ugomvi wa Roelke na Maehr, si mbwa wa McBride. Ni kwamba watu waliompenda mnyama kwa dhati walikuwa tayari kuiona mioyo yake ikitoboka, kizazi baada ya kizazi, ili abaki wa kwao.

Niliahidi kurudi kwa madoa. Mtoto wa puma huzaliwa na madoadoa mwili mzima, humsaidia kujificha, kisha hufifia anapokua. Neno hilo sikuweza kulisoma vivi hivi. Aliyezaliwa Kenya anajua madoadoa ni nini midomoni mwa wanasiasa. Ni jirani yako asiye wa kabila lako, aliyenunua shamba kihalali, ambaye ghafla kabla ya uchaguzi anaitwa doa la kufutwa. Lilitumika Bonde la Ufa miaka ya 1990, likatumika tena kuelekea 2007, na mwaka wa 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka kwenye mkutano Eldoret. Sisemi kwamba watu ni puma, na ninawaogopa sana wanaopenda kuhamisha jenetiki ya wanyama hadi kwenye siasa. Historia ya mchezo huo ni chafu. Ninachosema ni kuhusu lugha. Asili. Wa kwetu. Wageni. Damu safi. Maneno haya yana heshima kubwa yakitamkwa jukwaani, na katika vinamasi vya Florida kulikuwa na daktari aliyeyasikia yakivuma ndani ya kifua cha mnyama.

Njooni sasa kwenye filamu. Path of the Panther inamfuata mpiga picha Carlton Ward Jr., ambaye kwa miaka anatega kamera kwenye vinamasi na mashamba ya ng'ombe akitafuta picha moja kamili. Ni filamu nzuri ya macho. Kuna maji meusi yenye taa ya machweo, kuna misipresi iliyosimama kama watu kwenye foleni, kuna Betty Osceola wa jamii ya Wamikosuki, ambaye kila akifungua kinywa filamu inapata uti wa mgongo. Hoja yake ni ya ardhi. Puma wanahitaji njia ya kwenda kaskazini, ng'ambo ya mto Caloosahatchee, ambako tangu yule bibi wa 1973 hakuna jike aliyethibitishwa hadi 2016. Magari ndiyo yanayowaua zaidi. Mashamba yakiwa mitaa, safari imeisha. Filamu inaelekea kwenye ushindi wa sheria ya ukanda wa wanyamapori ya 2021, na hoja ni sahihi. Ningeipigia kura.

Lakini ni filamu ya ngozi. Tunangoja na Ward usiku baada ya usiku, kamera inalipuka, puma anatokea: mabega, sharubu, macho ya dhahabu. Wimbo unapanda. Picha ile inatuuzia mwenyeji wa kale, roho ya Florida ya zamani ambayo haijaguswa. Si kweli. Ameguswa, tena sana. Yule puma mzuri aliyeko kwenye kioo cha simu yangu, kwa uwezekano mkubwa, ni mjukuu wa Mtexas. Damu yake si siri ya aibu wala si tanbihi. Ndiyo sababu yupo wa kupigwa picha. Filamu inajali sana mahali puma anapoelekea. Kuhusu alikotoka, haina haraka ya kutuambia.

Alikotoka ni hivi. Mwaka wa 1995, baada ya mabishano marefu, majike wanane wa puma waliletwa kutoka magharibi mwa Texas na kuachiliwa kusini mwa Florida. Aliyewakamata ni McBride yuleyule. Hoja ya waliounga mkono ilikuwa rahisi: kabla ya bunduki na barabara, puma wa Texas na wa Florida walikuwa wakichanganyika wenyewe, jirani kwa jirani, hadi mnyororo ulipokatwa. Watano kati ya wanane walizaa. Watatu walikufa bila kuacha mtoto aliyeishi. Watoto wa mchanganyiko walikua na mikia iliyonyooka. Korodani zilishuka. Matundu ya moyo yakapungua. Makala iliyochapishwa katika Science mwaka wa 2010 ilionyesha kwamba idadi yao iliongezeka mara tatu, na leo makadirio rasmi ni kati ya puma wakubwa 120 na 230.

Na wale majike? Walionusurika waliwindwa upya na kuondolewa msituni, wa mwisho mwaka wa 2003, ili damu yao isizidi. Nilisoma hapo nikarudia. Umeitwa uje kuokoa ukoo, umezaa, wajukuu wako wana mioyo mizima, halafu unaambiwa asante, inatosha, usije ukatuzidi. Najua sababu za kisayansi na zina mantiki: jeni za Florida nazo zilikuwa na thamani, hakuna aliyetaka kuzifuta kabisa. Sina ugomvi na uamuzi. Nina ugomvi na usimulizi. Hao wanane hawana majina. Wana namba, TX101 hadi TX108, kama mizigo bandarini. Kwa haki yake, Pittman hawapuuzi, lakini hata kwake wanaingia kama dawa inavyoingia kwenye stori ya mgonjwa: inaletwa, inafanya kazi, chupa inatupwa. McBride amepewa kofia, mbwa, tabia, maneno. Maehr, ambaye baadaye alikuwa mshauri wa waendelezaji wa ardhi na alikufa kwa ajali ya ndege 2008, amepewa undani wa mtu wa riwaya. Nane hawa wamepewa idadi.

Kuna uzi mwingine ambao ningependa mmoja wao aufuate, na unafika kwetu. Roelke alipoondoka Florida alikuja Tanzania. Mwaka wa 1994 alikuwa daktari wa wanyama wa hifadhi za taifa za huko simba wa Serengeti walipoanza kudondoka na kutetemeka kwa degedege. Ni yeye na wenzake waliothibitisha kwamba ni virusi vya ugonjwa wa mbwa. Karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, na maradhi yakavuka mpaka hadi Maasai Mara. Mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuuleta. Kwa hiyo mwanamke huyohuyo aliona pande zote mbili: Florida, wanyama waliougua kwa kuwa hakuna kilichowafikia kutoka nje, Serengeti, wanyama waliougua kwa kuwa kitu kutoka nje kiliwafikia. Huo ni mkasa unaotaka mwandishi, tena mwenye subira, kwa sababu hautakubali kufupishwa kuwa "changanya, ni vizuri." Jirani na hapo, simba wa kreta ya Ngorongoro walivamiwa na nzi wauma-damu mwaka wa 1962 wakabaki kama kumi, na vizazi vyao vimechunguzwa kwa miaka mingi kwa tatizo lilelile la kuzaliana ndani. Mbuga ya Nairobi ina ua pande tatu. Upande wa kusini bado uko wazi, na kila ploti inayouzwa Kitengela inaubana. Tukitazama filamu ya Bendick tukidhani ni mambo ya Wamarekani, tumelala.

Kingine kinachonifanya niwe mkali kwa kazi hizi ni kwamba zinafunga kesi mapema. Kitabu na filamu vyote vinaelemea kwenye uokoaji: tulikaribia kumpoteza, tukamrudisha. Lakini utafiti wa jenomu za puma uliotoka 2019 ulionyesha kwamba faida ya kuchanganya inaweza kuyeyuka ndani ya vizazi vichache ikiwa kundi litabaki limefungiwa. Wale wanane walikuwa sindano moja. Mto bado upo, barabara zimeongezeka. Na mwaka wa 2020, huko California, katika milima ya Santa Monica iliyozungukwa na barabara kuu za Los Angeles, watafiti walimkamata dume mdogo wakamkuta na mkia wenye kona na korodani isiyoshuka. Wakati huo mji mzima ulikuwa unamshangilia P-22, puma aliyepigwa picha na maandishi ya Hollywood nyuma yake. Picha ilizunguka dunia. Kona ya mkia haikuzunguka.

Ukiniuliza uanze na ipi, anza na Cat Tale, ruka mizaha, soma polepole kurasa za Roelke na Eller. Kisha O'Brien, sura ya puma tu kama jeni zinakuchosha. Filamu tazama mwisho, na ukifika pale puma anapotokea gizani, punguza sauti ya wimbo.

Kama kuna mtu atakayeandika kitabu cha nne, naomba asianzie Florida. Aanzie Texas magharibi: jike amepanda mti, mbwa wa McBride wanabweka chini, sindano imeshamwingia pajani na miguu inaanza kulegea. Hajawahi kuona kinamasi. Mtu anapanda kumshusha kwa kamba, anamlaza chini, anaweka stetoskopu kifuani, anawaambia wengine wanyamaze.